"Wengi Wape": Faida na Hasara za Kubadilisha Mfumo wa Uchaguzi Nchini Kenya kwa Kurejelea Likoni, Kisauni na Changamwe

Ikisiri

Makala haya yanapima hoja za kubadilisha na za kutobadilisha mfumo wa kuwachagua wabunge nchini Kenya. Mifano mikuu imetolewa katika maeneo ya Mombasa yaliyo ng'ambo ya kisiwa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe. Makala yanaeleza mifumo ambayo Kenya imeipitia, yanalinganisha mfumo wa wingi wa kura na ule wa uwakilishi wa uwiano, kisha yanachunguza mchango wa lugha ya Kiswahili katika mjadala huu. Hoja kuu ni kwamba mfumo uliopo unampa mwananchi mwakilishi anayejulikana kwa jina na mlango, lakini unazitupa kura nyingi na kuwafanya majirani waogopane kwa hesabu. Mfumo mseto unaweza kupunguza dosari hizo iwapo mipaka itarekebishwa na iwapo mpiga kura atauelewa kwa lugha yake.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema, "Wengi wape." Methali hii hutajwa mara nyingi baada ya uchaguzi ili kuwanyamazisha walioshindwa. Hata hivyo, methali yenyewe inazua swali ambalo halijibiwi na sherehe za ushindi: wengi ni nani? Je, ni wale waliozidi kundi lolote jingine moja moja, au ni wale waliozidi nusu ya wote? Na wale wachache waliobaki, ambao wakijumlishwa pengine huwazidi hao "wengi", wapewe nini?

Swali hili si la wanasiasa na mawakili peke yao. Mwanafunzi wa Kiswahili analo jukumu ndani yake, kwa kuwa mfumo wa uchaguzi ni kanuni inayogeuza kauli za watu kuwa viti, na mwananchi hawezi kuipima kanuni asiyoweza kuitaja. Mombasa ya bara inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu wakazi wake wametoka pembe nyingi za nchi. Bandari, viwanda, reli na hoteli ziliwavuta watu wa pwani na wa bara wakaishi mlango kwa mlango, na kila uchaguzi umeupima ujirani huo.

2.0 Mifumo Ambayo Kenya Imeipitia

Tangu uhuru mwaka 1963, msingi wa uchaguzi wa wabunge haujabadilika: kila eneo bunge huchagua mbunge mmoja, na anayepata kura nyingi kuliko mwingine yeyote ndiye mshindi, hata akiwa hakufikisha nusu. Makala haya yatauita mfumo huu "mfumo wa wingi wa kura".

Kilichobadilika zaidi ni namna ya kupiga kura na kanuni za kumpata rais. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU, kilichokuwa chama pekee, wapiga kura walipangwa kwenye mlolongo nyuma ya mgombea waliyemtaka au wakala wake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliojipanga alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, hivyo wananchi wa eneo lake hawakufikia hatua ya kura ya siri. Watetezi wa mlolongo walidai kwamba ulikuwa rahisi na wa wazi, maana kila mtu aliona kwa macho yake nani ana watu wengi. Wapinzani wake walijibu kwamba uwazi huo ulimfichua mpiga kura mbele ya mwajiri, chifu na jirani. Isitoshe, watu wakishatawanyika hapabaki karatasi ya kuhesabiwa upya. Mlolongo ulitupiliwa mbali baada ya KANU kukusanya maoni ya wananchi mwaka 1990.

Vyama vingi viliporejea, sheria ya mwaka 1992 ilimtaka rais apate kura nyingi kuliko wenzake na angalau asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Mwaka huo Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Katiba ya mwaka 2010 ilipandisha kiwango: rais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa nchini, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, duru ya pili hufanyika.

Kwa upande wa Bunge, Katiba hiyo iliweka maeneo bunge 290, viti 47 vya wawakilishi wa wanawake wa kaunti, na wabunge 12 wa kuteuliwa kupitia orodha za vyama. Mombasa, iliyokuwa na maeneo bunge manne, yaani Mvita, Likoni, Kisauni na Changamwe, ilipata mawili zaidi. Nyali ilimegwa kutoka Kisauni na Jomvu ikamegwa kutoka Changamwe. Maeneo hayo mapya yalitumiwa kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa Machi 2013.

3.0 Faida za Mfumo wa Wingi wa Kura

Faida ya kwanza ni wepesi. Mpiga kura hutia alama moja, karani huhesabu mafungu, na fungu kubwa hushinda. Mzee wa Mtongwe asiyejua kusoma vizuri na kijana wa chuo wote huelewa hesabu hiyo kwa kiwango kimoja. Uelewa huu ni kinga, kwani hesabu inayoeleweka na wengi ni vigumu kuchakachuliwa bila watu kutambua.

Faida ya pili ni uwajibikaji. Mkazi wa Likoni anayekwama kivukoni kwa sababu ya upungufu wa feri anajua mbunge wa kumlaumu. Ajali ya feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyowaua watu 272, inakumbusha kwamba suala la kivuko ni suala la uhai, na kwamba watu wa eneo moja huwa na shida ambayo watu wa eneo jingine hawaioni. Mbunge wa orodha ya chama, asiye na eneo, huenda asiamshwe usiku kwa shida ya kivuko. Uhusiano huu uliimarishwa na sheria ya mwaka 2003 iliyounda hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, ambayo ilimfanya mbunge aonekane katika madarasa yaliyojengwa na basari zilizotolewa.

Faida ya tatu ni nafasi ya mgombea huru. Katika mfumo huu mtu aliyenyimwa tiketi katika mchujo wa chama anaweza kuwaendea wananchi moja kwa moja. Mfumo unaotegemea orodha za vyama peke yake humfungia mlango.

4.0 Hasara za Mfumo Huu

4.1 Kura Zinazotupwa

Chukulia mfano wa kubuni. Eneo bunge moja lina wagombea sita na kura 60,000. Mshindi amepata kura 18,000, na wengine watano wamegawana 42,000. Mshindi atakwenda bungeni akiwa na asilimia 30, na asilimia 70 ya wapiga kura watabaki bila mtu waliyemchagua. Hapa "wengi wape" imegeuka kuwa "mkubwa wa wachache mpe". Kadiri wagombea wanavyoongezeka ndivyo kiwango cha kushinda kinavyoshuka. Mfumo huu pia humpa mwanasiasa tajiri sababu ya kuwagharamia wagombea wadogo ili wagawanye kura za mpinzani wake.

4.2 Uzito Usio Sawa wa Kura

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 291,930 Kisauni, 250,358 Likoni, 216,577 Nyali, 163,415 Jomvu, 154,171 Mvita na 131,882 Changamwe. Kila eneo lina mbunge mmoja. Hivyo mbunge wa Kisauni anawakilisha watu zaidi ya mara mbili ya wale wa Changamwe. Lamu Mashariki, katika pwani hiyo hiyo, ilihesabiwa kuwa na watu 22,258, nayo pia ina mbunge mmoja. Kwa hesabu hiyo, sauti ya mkazi mmoja wa Lamu Mashariki bungeni ina uzito wa wakazi 13 wa Kisauni.

Katiba inakubali tofauti lakini inaiwekea mpaka. Kwa sensa hiyo, wastani wa eneo bunge ni watu 164,015 hivi, yaani idadi ya Wakenya wote, 47,564,296, ikigawanywa kwa 290. Kifungu cha 89 kinaruhusu maeneo ya miji mikuu na yale yenye watu wachache kuzidi au kupungua wastani kwa asilimia 40. Kilele basi ni watu 229,600 hivi. Kisauni na Likoni zote mbili zimekipita. Muda wa miaka 12 uliowekwa na Katiba wa kupitia upya mipaka ulikwisha Machi 2024, na wakati huo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na makamishna. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025.

4.3 Jirani Anapogeuzwa Hesabu

Hasara kubwa kuliko zote ni ile isiyoonekana kwenye majedwali. Mahali ambapo kiti ni kimoja na mshindi huchukua vyote, kila familia inayohamia au kuhama inaweza kugeuza matokeo. Mwanasiasa asiye na haya huweza kuwaona wapangaji wa nyumba fulani kama kura za adui.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa na silaha zikaporwa. Mashambulizi yaliyofuata yaliwalenga zaidi watu wenye asili ya bara. Maelfu walikimbia makwao, na wengi wao walitafuta hifadhi katika Kanisa Katoliki la Likoni. Uchaguzi mkuu ulifanyika Desemba mwaka huo huo, na wachunguzi wengi wameyahusisha machafuko hayo na hesabu za uchaguzi. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, iliyachunguza pia matukio ya Likoni.

Ni kweli kwamba yapo malalamiko mengine ya kale, hasa ya ardhi, ajira na umaskini, na hayakuzaliwa na mfumo wa uchaguzi. Mwaka 2013 pia, usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 4 Machi, askari polisi walishambuliwa na kuuawa Changamwe, wakati ambapo wito wa kususia uchaguzi na kuitenga Pwani ulikuwa ukisikika. Hata hivyo, mfumo unaowapa washindwa sifuri humpatia mchochezi kuni kavu. Aliyehamishwa kabla ya siku ya kura hapotezi nyumba tu. Sauti yake nayo huhesabiwa kuwa haikuwahi kuwepo.

5.0 Uwakilishi wa Uwiano

5.1 Namna Unavyofanya Kazi

Katika uwakilishi wa uwiano, eneo moja kubwa huwa na viti kadhaa, na vyama hupata viti kulingana na kura. Chukulia, kwa mfano wa kubuni tena, kwamba Mombasa yote ni eneo moja lenye viti sita na kura 600. Chama A kimepata kura 252, B 180, C 108 na D 60. Kura 600 zikigawanywa kwa viti sita, kiti kimoja kinagharimu kura 100. Chama A kinanunua viti viwili na kubaki na kura 52. B kimoja na kubaki na 80. C kimoja na kubaki na 8. D hakijafikisha, kimebaki na 60. Viti viwili vilivyosalia huenda kwa wenye masalio makubwa, ambao ni B na D. Matokeo ni A viti viwili, B viwili, C kimoja na D kimoja.

Kwa mfumo wa wingi wa kura, ikiwa wafuasi wa A wametapakaa sawasawa katika maeneo yote sita, chama hicho kingetwaa viti vyote sita kwa asilimia 42 tu ya kura.

5.2 Faida

Kwanza, kura chache hupotea. Pili, mkazi hahitaji kuwa wa kundi kubwa la mtaa wake ili awakilishwe, kwani kura ya mtu wa Shika Adabu inaweza kuungana na ya mtu wa Mikindani au Bamburi. Mtu akihama kutoka Likoni kwenda Kisauni, kura yake haibadilishi mizani, kwa hiyo faida ya kumfukuza jirani hupungua. Tatu, orodha zinaweza kupangwa kwa kupokezana mwanamke na mwanamume. Kenya imeshindwa kutimiza sharti la Katiba kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama wa Bunge, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mnamo Septemba 2020 alivunje. Wanawake hushinda katika maeneo bunge, kama alivyofanya Mishi Mboko huko Likoni mwaka 2017 baada ya kuwa mwakilishi wa wanawake wa Mombasa, lakini kwa jumla idadi yao imebaki ndogo.

5.3 Hasara

Hasara ya kwanza ni kuwatia nguvu wakuu wa vyama. Anayepanga orodha ndiye anayechagua wabunge, na nafasi ya juu katika orodha inaweza kuwa bidhaa. Hofu hii ina msingi Kenya, ambako vyama huzaliwa na kufifia kwa kasi: NARC kilitawala baada ya mwaka 2002, PNU baada ya 2007, Jubilee baada ya 2017 na UDA baada ya 2022. Hasara ya pili ni kulegea kwa uhusiano wa mbunge na eneo. Hasara ya tatu ni hesabu ngumu, ambayo katika nchi yenye shaka nyingi inaweza kuonekana kama mazingaombwe.

6.0 Mafunzo Kutoka Kwingineko

Afrika Mashariki na Kati ina mifano ya kutosha. Rwanda na Burundi hutumia orodha za vyama. Burundi iliambatanisha orodha hizo na mgao wa kikabila ili kutuliza uhasama wa vita, na utulivu huo una gharama yake, kwa kuwa mgombea hutambulishwa kwa kabila lake. Kongo ilimchagua rais kwa duru mbili mwaka 2006, kisha ikafuta duru ya pili mwaka 2011. Mwaka huo huo Joseph Kabila alitangazwa mshindi kwa chini ya nusu ya kura. Funzo lake ni kwamba aliye madarakani anaweza kuubadilisha mfumo kwa manufaa yake mwenyewe, kwa hiyo ni muhimu kuuliza nani anataka mabadiliko na wakati gani.

Mfano ulio karibu zaidi na hoja ya makala haya ni Lesotho. Mwaka 1998 chama kimoja kilipata viti 79 kati ya 80 kwa takriban asilimia 60 ya kura. Ghasia zilizuka na majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Mwaka 2002 Lesotho ilitumia mfumo mseto: viti 80 vya majimbo vilibaki, vikaongezwa viti 40 vya kufidia vyama vilivyopata kura nyingi lakini viti vichache. Migogoro haikwisha, lakini wapinzani waliingia bungeni.

Kenya ilikaribia njia hiyo. Rasimu ya mwaka 2002 ya tume ya kurekebisha Katiba iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilipendekeza mfumo mseto. Katiba ya 2010 ilibakiza kivuli chake tu. Wabunge 12 wa orodha hugawanywa kulingana na viti ambavyo chama kimeshinda, wala si kulingana na kura zake. Hivyo chama kilichopoteza kura nyingi bila kiti hupoteza mara ya pili. Tanzania, kwa upande mwingine, hugawa viti maalumu vya wanawake bungeni kwa uwiano wa kura kwa vyama vilivyofikisha asilimia tano.

7.0 Lugha ya Mabadiliko

Mjadala huu unakwama pia katika istilahi. Neno "jimbo" ni mfano bora. Tanzania, jimbo ni eneo linalomchagua mbunge. Kenya, neno hilo linabeba kumbukumbu ya majimbo yaliyotetewa na Ronald Ngala na chama cha KADU wakati wa uhuru. Pwani neno hilo liliwapa wengine matumaini ya kujitawala, na wengine hofu ya kufukuzwa. Mtaalamu akiwaambia wakazi wa Kisauni kwamba "jimbo litakuwa kubwa zaidi", huenda akasikika akisema jambo ambalo hakulikusudia kabisa.

Neno "uwiano" nalo ni gumu kwa asiyekumbuka hesabu za shule, na "mfumo mseto" haulezi kinachochanganywa. Pengine "viti vya kufidia" hueleweka upesi zaidi, kwa sababu kila mtu anajua maana ya fidia. Kinyume chake, "mlolongo" lilikuwa neno lililoeleweka na kila mtu, na uelewa huo ndio uliowawezesha wananchi kuukataa mfumo wenyewe. Katika kura ya maoni ya 2005, katiba nzima ilifupishwa kuwa ndizi na chungwa, na mwaka 2010 ikawa kijani na nyekundu. Alama zilisaidia kupiga kura, lakini hazikueleza yaliyomo. Kazi hiyo inawasubiri wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

8.0 Yasiyotibiwa na Mfumo

Ni vyema kukiri mipaka ya mabadiliko. Kiwango cha zaidi ya nusu kilichowekwa mwaka 2010 hakikumaliza kesi. Uhuru Kenyatta alipata asilimia 50.07 mwaka 2013 na William Ruto 50.49 mwaka 2022, na matokeo yote mawili yalipingwa katika Mahakama ya Juu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama hiyo ilibatilisha uchaguzi wa rais, ikikosoa hasa utaratibu wa kupeperusha na kuhakiki matokeo. Mombasa yenyewe ilichelewa kumchagua gavana mwaka 2022, kwa kuwa karatasi za kura zilikuwa na picha zisizo za wagombea wake. Kura ikapigwa tarehe 29 Agosti. Hakuna kanuni ya kugawa viti inayoweza kurekebisha karatasi iliyochapishwa vibaya au fomu iliyoghushiwa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba mfumo wa wingi wa kura una thamani ya kweli: wepesi, mbunge anayejulikana na nafasi ya mgombea huru. Kuuondoa wote ni kumnyang'anya mkazi wa Likoni mtu wa kumwuliza kuhusu kivuko chake. Hata hivyo, kuuacha ulivyo ni kukubali kwamba mtu wa Kisauni awe na sauti ndogo, na kwamba jirani mgeni aendelee kuhesabiwa kama tishio kila baada ya miaka mitano.

Njia inayoonekana kuwa na manufaa zaidi ni ya hatua tatu. Kwanza, mipaka irekebishwe kulingana na Katiba, kwani hatua hii haihitaji mfumo mpya. Pili, viti vya orodha vigawanywe kwa kura badala ya viti, na viongezwe kiasi cha kufidia bila kuondoa wabunge wa maeneo. Tatu, orodha ziwe wazi, mpiga kura aweze kuchagua jina ndani ya chama, kama ifanyikavyo Kongo, ili wakuu wa vyama wasiwe wapiga kura wa pekee.

Hatua ya pili na ya tatu zina gharama, na mwananchi ana haki ya kuzikataa baada ya kuzielewa. "Wengi wape" ni agizo la haki, lakini halikusema wachache wanyimwe. Likoni ya mwaka 1997 ilionyesha gharama ya kuyasahau hayo.